Kumbukumbu za Umma si Siri, Ila Nani Atufunze Kuzitafuta?

Kwa muda wa miaka mitano ajuza mmoja anayeishi Eastlands, jijini Nairobi, alihifadhi ndani ya Biblia yake kipande cha karatasi kilichoandikwa tarakimu kwa wino wa buluu. Aliamini ni nambari ya simu. Mara mbili tatu alimwomba kijana wa duka la jirani ampigie, na kila mara kijana alimrudishia karatasi akisema, "Nyanya, hii haiingii." Naye akairejesha pale pale katikati ya Zaburi, kwa kuwa aliyempa alikuwa askari, na alimpa siku ile aliyopashwa habari kwamba mwanawe amegongwa na gari.

Tarakimu zenyewe zilikuwa 42/14/8/2013. Msomaji aliyewahi kuripoti kisa katika kituo cha polisi ameshazitambua. Hiyo haikuwa nambari ya simu bali nambari ya Kitabu cha Matukio, kile ambacho sote twakiita OB: yaani ripoti ya 42 iliyoandikwa tarehe 14 Agosti mwaka 2013 katika kituo fulani. Ajuza yule alikuwa na ufunguo mkononi miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba ni ufunguo, seuze kumwonyesha mlango.

Mimi nafunza Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili, na naungama mapema kwamba sikuingia katika shughuli hii kwa ushujaa wala kwa ujuzi. Niliingizwa na fomu ya basari. Mwaka 2018 mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu, mjukuu wa ajuza huyo, alirudishwa nyumbani mara tatu katika muhula mmoja kwa sababu ya karo. Mamake alifariki yeye angali mdogo, na cheti cha kifo chake kilikuwapo. Babake, aliyekuwa mchuuzi wa mitumba, hakuwa na cheti. Kamati ya basari ilikuwa imetenga fungu la mayatima, lakini yatima machoni pa kamati si mtoto asiye na wazazi. Ni mtoto mwenye vyeti viwili. Kijana alisimama mbele ya meza yangu, fomu mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, nitathibitishaje kwamba baba alikufa, ilhali mtaa mzima unajua?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimefunza kwa miaka kumi na minane, na barua rasmi nilizosahihisha hazina idadi. Hata hivyo sikujua kifo cha mtu huandikwa wapi katika nchi yangu mwenyewe.

Nikafanya afanyavyo yeyote asiyejua: nilianzia kaburini. Marehemu alizikwa kwao mashambani, basi nikapanda matatu ya alfajiri Jumamosi moja hadi makao ya wilaya ile, nikalala kwa rafiki, na Jumatatu asubuhi nikawa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya usajili. Karani aliyenipokea alikuwa mzee mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa upole. "Mwalimu," akaniambia, "kifo huandikwa kilikotokea, si kaburi lilipo. Wewe umekuja kutafuta moshi, na moto uliwaka Nairobi."

Maneno hayo yalinigharimu nauli ya kwenda na kurudi na siku moja ya kazi, lakini nayahesabu kuwa somo bora zaidi nililopata mwaka ule. Mzee alinifafanulia utaratibu wote akiwa amesimama. Mtu akifia hospitalini, hospitali ndiyo hujaza fomu ya taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, naibu wa chifu wa mahali hapo ndiye huijaza. Fomu hiyo ndiyo huzaa kibali cha mazishi. Familia nyingi hukipokea kibali hicho zikidhani ndicho cheti, zikakiacha mikononi mwa wasimamizi wa makaburi au mwa chifu, zikarudi matangani mikono mitupu. Cheti chenyewe hakiji hadi mtu aende kukiomba. Na mambo ni yale yale kwa uzazi: kijikaratasi anachopewa mama anapotoka wadini si cheti cha kuzaliwa, ni taarifa tu, na mtoto asiposajiliwa katika miezi sita ya kwanza usajili wake huitwa wa kuchelewa, ukahitaji idhini na ushahidi zaidi. Ni wazazi wangapi wa wanafunzi wetu wanaojua hivyo kabla ya mwana kufikia mwaka wa mtihani?

Nikarudi jijini. Katika ofisi ya usajili niliyoelekezwa, swali la kwanza lilikuwa: alifia hospitali gani, tarehe ngapi? Nikajibu nilivyoambiwa na familia, kwamba alifia barabarani, Jogoo Road, tarehe 14 Agosti 2013. Karani akapekua. Hakuna. Nikamwomba apekue tarehe 15, akapekua kwa kinyongo. Hakuna. Jina hilo halikuwapo katika wafu wa siku hizo mbili, na mimi nilikuwa sina la kuongeza.

Nje ya lango alinisubiri kijana mtanashati mwenye bahasha ya kaki kwapani. Madalali wa vyeti hawahitaji kuelezwa shida ya mtu. Huisoma mabegani mwake. Aliniahidi cheti kabla ya saa sita mchana kwa bei ambayo, nikiijumlisha na nauli niliyokwisha kuitupa, ilionekana rahisi. Nitasema ukweli: mkono wangu uliingia mfukoni. Uliotoa mkono huo nje bila pesa haukuwa uadilifu, bali hofu ya mwalimu kushikwa na karatasi ya bandia mbele ya wanafunzi wake. Hadi leo simlaumu mzazi ambaye mkono wake hutoka mfukoni na kitu. Dalali hastawi kwa kuwa Wakenya ni wapotovu kuliko watu wengine. Hustawi kwa sababu yeye ndiye mtu wa pekee langoni mle aliye tayari kumweleza mtu njia.

Ni jioni hiyo, nilipokwenda kumpa ajuza habari za kushindwa kwangu, alipofungua Biblia akanionyesha ile nambari ya simu isiyoingia.

Katika kituo kilichohusika sikupigwa teke wala kutukanwa. Nilipewa adhabu iliyo maarufu zaidi katika ofisi zetu, nayo ni neno "kesho". Afande wa kwanza alisema vitabu vya mwaka huo viko stoo na mwenye ufunguo yuko likizo. Wa pili alisema OB si gazeti, haisomwi na kila mpita njia. Na katika hilo, wacha niseme mapema, alikuwa na haki. Wa tatu aliniambia nirudi kesho. Nilirudi kesho tatu.

Ndipo mwenzangu mmoja wa somo la Historia na Serikali akanikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifunza darasani kwa kulikariri tu. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Upatikanaji wa Habari ili kuipa haki hiyo miguu. Tukaitafuta, tukaisoma pamoja chumba cha walimu wakati wa mapumziko ya chai. Nikiri kwamba nilisisimka kama mtoto. Kifungu cha 8 chasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili! Chaendelea kusema kwamba asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, afisa ana wajibu wa kulipokea ombi lake kwa mdomo na kuliandika. Anayeomba halazimiki kueleza sababu ya kuomba. Hatozwi ada kwa kuomba, ila gharama ya nakala tu. Afisa hana budi kutoa uamuzi katika muda wa siku 21, na ikiwa habari zahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Akikataa au akinyamaza, mwombaji ana mahali pa kupeleka malalamiko yake, nako ni Tume ya Haki ya Utawala.

Enyi walimu wenzangu wa Kiswahili, kwa miaka mingapi tumewaandikisha watoto barua rasmi za kuomba kazi katika kampuni zisizokuwapo? Hii hapa barua rasmi iliyo na meno ya sheria, na lugha yetu imetajwa ndani yake kwa jina.

Niliiandika barua hiyo kwa niaba ya ajuza, ukurasa mmoja, anwani mbili, mintarafu, na ile nambari ya OB. Yeye akatia dole gumba. Nikaipeleka kituoni kwa mkono, nikaomba nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu kuliko ufasaha wote wa barua, kwa kuwa siku 21 huanza kuhesabiwa hapo. Siku ya 19 nikapigiwa simu. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amerudi.

Maandishi ya OB yalikuwa mistari minane. Yalieleza kwamba mtembea kwa miguu aligongwa na gari la abiria jioni ile, akachukuliwa akiwa hai hadi hospitalini. Mtu mwingine, kwa kalamu nyingine, aliongeza baadaye kwamba majeruhi alifariki wodini tarehe 16, na kwamba dereva ameshtakiwa. Akaandika nambari ya kesi ya trafiki. Nikayasoma mara mbili. Familia ile ilikuwa imeambiwa na mpita njia kwamba mtu wao alikata roho barabarani, nao wakaamini, kwa sababu walipofika siku ya tatu walimkuta chumba cha maiti.

Sasa nilikuwa na tarehe ya kweli na jina la hospitali. Nilirudi kwa karani yule yule wa usajili, naye akampata marehemu kwa muda usiozidi robo saa. Alikuwa pale tangu siku ile, ila jina lake la ukoo lilitangulia la ubatizo, na herufi "r" katikati ilikuwa imegeuka "l", kama lilivyotamkwa na yeyote aliyeulizwa usiku ule wa dharura. Kosa la herufi moja laweza kumficha mtu kuliko udongo. Tulilazimika kutafuta kiapo na barua ya chifu ili lisahihishwe, na ingawa Ibara ile ile ya 35 humpa mtu haki ya kudai habari zisizo za kweli kumhusu zirekebishwe, marekebisho yalichukua wiki saba.

Hapa nitatua kidogo, maana mwalimu wa Historia hawezi kupita mahali kama hapa asiangalie nyuma. Watu wetu huambiwa kwamba hawana desturi ya kuandikisha vizazi na vifo vyao. Lakini ni nani aliyewaandikisha kwanza, na kwa nia gani? Sheria ya kuwasajili wenyeji ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na tunda lake lilikuwa kipande: karatasi yenye alama za vidole na habari za ajira ya mwanamume Mwafrika, aliyoivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa miongoni mwa malalamiko ambayo Harry Thuku aliyapigia kelele kabla ya kukamatwa kwake jijini Nairobi mwezi Machi 1922. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ilikuja mwaka 1928, na usajili wa lazima kwa Waafrika ukasambazwa hatua kwa hatua, hata ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Kwa hivyo Nairobi ilizijua alama za vidole vya babu zetu muda mrefu kabla haijataka kujua walizaliwa lini. Mamangu mzazi hujua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Asiyeliona jambo hilo atadhani uoga wa wazee mbele ya dirisha la karani ni ujinga, kumbe ni kumbukumbu.

Baada ya hapo kulibaki ile nambari ya kesi. Kwa basari haikuhitajika, na ningaliweza kuiacha. Ni kijana mwenyewe aliyeniuliza: "Mwalimu, na yule dereva?"

Kesi nchini Kenya husikizwa hadharani, na jalada lake si mali ya hakimu wala ya polisi. Lakini masjala ya mahakama haimjui mtu kwa sura. Yamjua kwa aina ya kesi, nambari na mwaka. Ukifika na jina pekee utatazamwa kama aliyepotea njia sokoni. Tulikuwa na nambari, tukalipa ada ya kupekua, na siku ya pili jalada likaletwa, jembamba, limefungwa kwa utepe. Dereva alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari. Mashahidi wanne walitoa ushahidi. Mwaka 2015 alipatikana na hatia, akatozwa faini, akailipa siku hiyo hiyo. Hakuna mtu wa familia aliyekuwapo. Hakuna aliyeitwa, na aliyekuwa na nambari hakujua ni nambari.

Nikampelekea nakala wakili mmoja niliyemfunza zamani. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza marehemu alifariki lini. Nikamwambia Agosti 2013. Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya hatia iliyokamilika huwa uthibitisho tosha wa kosa hilo. Kwamba gari la abiria halina ruhusa kuwa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Na kwamba mama na mtoto wa marehemu walikuwa na haki ya kudai fidia. Ila dai la namna hiyo lina muda wa miaka mitatu tangu kifo. Mlango ulifungwa Agosti 2016. Kuomba idhini ya kuufungua tena, alisema, ni mlima ambao wengi huporomoka kabla ya kuufikia upeo wake, na gharama yake hailingani na mfuko wa ajuza.

Tangu hukumu ya 2015 hadi mlango kufungwa kulikuwa na miezi kadhaa ya wazi. Katika miezi hiyo jalada lilikuwa rafuni, uamuzi ulikuwa umeandikwa, na ufunguo ulikuwa katikati ya Zaburi. Mjukuu alikuwa akirudishwa nyumbani kwa karo.

Nimeandika haya kwa sababu huwa nasikia likisemwa, hata na wasomi, kwamba serikali inaficha kila kitu. Zipo siri zinazofichwa, sikatai. Lakini katika jambo hili sikukuta siri. Nilikuta vitabu vinne katika majumba manne, kila kimoja kikiwa na sehemu ya maisha ya mtu mmoja, na hakuna kimoja kinachomtaja mwenzake kwa njia ambayo mtu wa kawaida aweza kuifuata. Wenye uwezo hawasumbuki kwa hayo. Wana mawakili, na mawakili wana makarani wanaozijua masjala kama viganja vyao. Mnyonge ana dalali.

Watu watasema mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika. Vituo vya Huduma vilianza kufunguliwa mwaka 2013, maombi ya vyeti vingi sasa hupitia eCitizen, na uwasilishaji wa kesi kwa njia ya kielektroniki ulianza katika mahakama za Nairobi Julai 2020, ukaenezwa kote nchini Machi 2024. Hukumu za mahakama za juu huchapishwa bure na Kenya Law, na mwanafunzi yeyote aweza kuzisoma. Lakini kesi za trafiki mbele ya mahakimu, ambazo ndizo zinazowagusa akina nyanya, aghalabu hazimo humo. Na kesi za kale zingali karatasini. Karatasi nazo haziishi milele. Ipo sheria inayoruhusu majalada ya zamani ya mahakama kuharibiwa baada ya muda uliowekwa. Zaidi ya yote, mashine haimuulizi ajuza swali ambalo hakujua kulijibu. Inataka tarehe na nambari, kama karani wa kale alivyotaka, ila haina mvi wala huruma ya kumwambia kwamba anatafuta moshi.

Aidha, nisieleweke visivyo. Sidai kwamba kila daftari liwe wazi kwa kila jicho. Yule afande wa pili alisema OB si gazeti, nami nakubaliana naye. Ndani ya kitabu hicho mna ripoti za wasichana waliodhulumiwa, wake waliopigwa, na majirani waliosingiziana. Mashauri ya watoto hufungiwa milango kwa sababu njema, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilitungwa kwa kuwa umbea ukipewa kompyuta huwa silaha. Tofauti ninayoitetea ni hii: aliyeripoti, aliyeumia, au aliyefiwa, asifanywe mgeni mbele ya maandishi yanayomhusu yeye.

Sasa, ni nani wa kumfunza? Chifu ana shughuli zake, na karani ana foleni. Mimi naona ni sisi wenye chaki. Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili zoezi moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada. Kila mmoja hutakiwa kuja na cheti chake cha kuzaliwa, kisha aniambie nambari ya usajili iko wapi, mahali pa kusajiliwa ni wapi, na kama kila herufi ya majina ya wazazi ni sahihi. Mwaka wa kwanza, katika darasa la wanafunzi 48, tulipata makosa ya tahajia katika vyeti 11, na watoto 5 hawakuwa na cheti kabisa. Mmoja aligundua kwamba amezaliwa siku mbili baada ya sherehe anazofanyiwa kila mwaka, akatucheka sote. Afadhali kosa hilo lionekane miaka miwili kabla ya mtihani wa kitaifa kuliko wiki mbili.

Zoezi la pili ni kusoma Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa. Wanafunzi hudhani ni karatasi ya wakubwa. Huwaonyesha zile kurasa ndefu za maombi ya kusimamia mali za marehemu, ambapo umma hupewa siku 30 za kuweka pingamizi. Ami aweza kujiandikisha kuwa mrithi wa pekee wa shamba la ndugu yake, tangazo likatoka, siku 30 zikapita, na mayatima wenyewe wako darasani wakichambua sajili. Mwaka mmoja msichana alinyoosha mkono akaniuliza kama aweza kutafuta jina la marehemu babake katika matoleo ya nyuma. Niliyatafuta pamoja naye. Yaliyofuata ni ya familia yake, nami siyatii gazetini.

Walio karibu na katikati ya jiji wana bahati ya ziada. Lile jumba la Nyaraka za Kitaifa lililoko Moi Avenue, ambalo zamani lilikuwa Benki ya India, wengi hulijua kama mahali pa kukutania na marafiki, na waliowahi kuingia huwa wameona mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi. Wachache hupanda orofani kwenye chumba cha kusomea, ambako barua na ripoti za wakuu wa wilaya wa enzi ya ukoloni huletwa mezani kwa anayezitaka. Nilimpeleka kijana wetu huko mara moja, alipokwisha kuzoea majalada. Alikaa hadi walipotufungia.

Basari aliipata, ingawa ilifika muhula uliofuata na haikutosheleza karo yote. Iliyobaki ilichangwa na walimu. Cheti chenyewe nilikipeleka mimi kwa ajuza, jioni ya Alhamisi. Hakujua kusoma, basi akaniomba nimsomee kila kilichoandikwa, bila kuruka. Nikasoma jina, sasa likiwa na herufi yake. Nikasoma umri, kazi, mahali pa kifo. Nilipofika kwenye tarehe akanizuia kwa mkono. Kila mwaka, tarehe 14 Agosti, alikuwa akiwasha mshumaa.

"Umesema kumi na sita?"

"Ndiyo, nyanya. Tarehe 16, hospitalini."

Akahesabu kwa vidole. Siku mbili. Wao walikuwa nyumbani, kilomita chache tu kutoka wodi ile, wakimsubiri arudi kutoka sokoni. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniuliza kama karatasi yasema alikuwa na mtu kando yake.

Nikaitazama tena, mbele na nyuma. Haikusema.